Jibu la Kwanza Ndilo Jibu

Idara ya Mizani ya Furaha na Soko, mjini Thimphu, inawatangazia wananchi wote kwamba kuanzia Jumatatu adabu itakuwa fupi.

Tangazo hilo lilitungwa na Dasho Namgyel Phuntsho, naibu mkuu wa Idara, mtu aliyeutamani ukuu kwa roho safi na kwa miaka mingi. Mkuu alikuwa anastaafu. Ilibaki Dasho afanye jambo moja kubwa la kuonekana.

Jambo lenyewe likajileta. Wageni wa ng'ambo walikuja kutafuta wakala wa kuuza majokofu yao, wakamuuliza mfanyabiashara mmoja kama angeipenda kazi hiyo. Naye, mtu aliyelelewa akaleleka, akaziba mdomo kwa kiganja na kusema, "Meshu, meshu," kama tunavyokataa sote tukikaribishwa chakula, tukingoja kukaribishwa mara ya pili na ya tatu, ndipo tule mpaka sufuria iombe msamaha. Wageni wakamshukuru, wakapanda ndege. Mfanyabiashara yule angali anangoja kuulizwa tena.

"Haya inatuponza," Dasho aliliambia baraza. "Soko la dunia haliulizi mara mbili. Mila tutaidumisha: meshu itasemwa, tena mkono ukiwa mdomoni. Ila sasa itahesabiwa."

Baraza likapiga makofi. Mila ilikuwa imelindwa, na maendeleo pia.

Utekelezaji ulianzia sokoni. Dasho alikwenda mwenyewe, joho lake la heshima, gho, limenyooka kwa pasi, akasimama mbele ya meza ya Angay Lhadon, bibi aliyeuza pilipili kavu na jibini hapo tangu enzi za uhai wa mumewe.

"Angay, unapenda kuendelea na meza hii?"

Bibi akaziba mdomo. "Meshu, meshu, Dasho. Mimi ni nani hata niulizwe?"

"Amekataa," Dasho akamwambia karani. "Mpeni yule muuza vibanzi vya pakiti."

"Hujaniuliza tena, mwanangu."

"Kuulizwa tena kumefutwa, Angay."

"Kwa hiyo adabu yangu ndiyo kosa langu?"

"Hujakosa kitu. Umetumia uhuru wako wa kuchagua."

Bibi akazifunga pilipili zake kwenye kitambaa. Machozi yalimtoka, Dasho akayahesabu kuwa ya pilipili.

Mafanikio yakafuatana. Wananchi walikataa meza zao za sokoni, mikopo, matibabu na paa za mabati, wote kwa hiari yao. Furaha nayo ilipanda ajabu, kwa sababu kila aliyeulizwa kama angependa kuleta malalamiko alijibu meshu.

Siku ya kumtawaza mkuu mpya, ukumbi ulifurika. Wale wageni wa majokofu walirudi kulishuhudia taifa lililonyooka. Angay Lhadon aliketishwa safu ya mbele, akiwa mnufaika wa kwanza wa kanuni.

Waziri akasimama. "Dasho Namgyel Phuntsho, unaupokea ukuu wa Idara?"

Dasho alikuwa amejizoeza kusema "Nataka" mbele ya kioo. Lakini mama yake alimzoesha neno jingine, kwa ufito, zamani sana kabla ya kioo. Mkono ukapanda wenyewe mdomoni.

"Meshu, meshu, Mheshimiwa. Mimi ni nani hata niulizwe?"

Karani akaandika. "Amekataa," akasoma kwa sauti.

"Mheshimiwa," Dasho akasema, na jasho likimtiririka, "hebu niulize tena."

Waziri akawatupia jicho wageni, waliokuwa wakitazama kwa makini. "Kuulizwa tena kumefutwa, Dasho. Tena kwa kalamu yako." Akaugeukia ukumbi. "Yupo mwingine anayeutaka?"

Maofisa wote wa Idara, kila mmoja akimezea mate kiti kile, wakaziba midomo.

"Mimi nautaka," akasema Angay Lhadon.

Kanuni haikuwa na kifungu cha kumzuia, na wageni walisifu sana jinsi mambo yalivyokwenda haraka. Kabla ya chakula cha mchana, watu wote wa sokoni walikuwa wamerudishiwa meza zao. Kisha mkuu mpya akamwita Dasho ofisini.

"Meza yangu ya pilipili haina mtu sasa, mwanangu. Je, utaichu—"

"Nataka," Dasho akadakia.

Angay akamtazama kwa masikitiko.

"Ndivyo mama yako alivyokulea? Toka nje, uingie upya. Hapa mtu anaulizwa mara tatu."