Kiti cha Mwananchi wa Kawaida

Lyle Hockett hakuwahi kusoma muswada hata mmoja maishani mwake, lakini nyuso za watu alizisoma bila miwani. Asubuhi ile alikuwa anakula pai katika mkahawa unaotazamana na Bunge la jimbo, theluji imefika magotini, aliposikia maseneta wawili wakilalamika meza ya pili. Bodi ya Usalama wa Moto imejaa wakuu wa vikosi vya zimamoto, wanateteana tu. Kuna muswada wa kumpunguza mmoja, kiti chake apewe mwananchi wa kawaida.

Kiti kitupu! Lyle aliagiza pai nyingine.

Kufikia Jumatano alikuwa amekwisha kukiuza mara mbili.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Duane Ollenburger, fundi wa mabomba ya darini yanayomwaga maji pindi moto unapowaka. Zamani alikuwa mzimamoto, na mikono yake ilikuwa mipana kama makoleo. Ndoto yake ilikuwa kila kanisa na kila moteli jimboni vilazimishwe kununua mabomba hayo.

"Kiti ni chako, kaka," Lyle alimwambia. "Ila mambo ya Bunge yana njia zake. Siku ya kamati utasikia maneno ya ajabuajabu. Wewe piga makofi, unga mkono kila kitu."

"Hata nisipoelewa?"

"Hasa usipoelewa. Ndivyo wanavyofanya wenyewe."

Duane akacheka, akatoa bahasha.

Wa pili alikuwa Opal Brandvold, mjane aliyeuza mitungi ya kuzimia moto kwa miaka thelathini. Hakuwa na bahasha, ila alikuwa na gari la safari la marehemu mumewe, lenye kitanda na jiko ndani. Lyle alipoliona, roho yake ilihamia Arizona kwenye jua, ukabaki mwili tu kuifuata. Alilitaka gari lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Funguo utazipata siku ya kamati," alisema Bi Opal. "Nataka nisikie kwa masikio yangu."

"Mama, huniamini?"

"Nakuamini, mwanangu. Ndiyo maana nataka uwepo."

Siku za mwizi ni arobaini, na Lyle alikuwa na wiki mbili tu mjini. Alijiona bado ana akiba.

Sasa, katika jimbo lile mtu yeyote hupita dirishani kwa karani akapewa nakala ya muswada bure, na mtu yeyote akijiandikisha mlangoni huruhusiwa kusema mbele ya kamati dakika tatu. Wenyeji wengi hawajisumbui. Bi Opal alijisumbua. Aliusoma muswada wote jikoni kwake, kurasa kumi na moja, penseli mkononi, kisha akaulizia mjini ni nani mwingine aliyeahidiwa kiti.

Siku ya kamati Lyle alimketisha Duane mbele na Bi Opal nyuma, wasionane. Mara akamwona mama wa watu anasimama kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa mwenyekiti, ukurasa wa saba unasema mwananchi huyu asiwe muuzaji wa kifaa chochote cha moto. Basi mimi sifai, wala fundi yeyote wa mabomba. Anatakiwa mtu asiye na duka, asiye na karakana, asiye na kazi inayojulikana. Ninaye. Bwana Lyle Hockett, yule pale."

Duane aliyachukulia haya kuwa yale maneno ya ajabuajabu aliyoambiwa. Kwa hiyo alisimama akapiga makofi kwa nguvu zake zote.

"Namuunga mkono!" alinguruma.

Mwenyekiti, Seneta Tschetter, alivua miwani. Miaka kumi na tisa hajaona muuza mitungi na fundi mabomba wakikubaliana, hata kuhusu hali ya hewa. Kamati nzima ikaupitisha muswada, ikapiga kura ya kumpendekeza Lyle kwa gavana, bila upinzani.

"Nakataa!" Lyle alimnong'oneza Bi Opal kwenye korido. "Nakwenda kuwaambia nakataa!"

"Kataa tu, mwanangu. Nami nitamweleza Duane kiti chake kiliuzwa kwa nani mwingine. Unamwona anakuja kukupongeza?"

Lyle aliitazama mikono ya Duane, ikimjia imenyooshwa. Akatafuta mlango, na mlangoni kulikuwa na askari anamtabasamia.

"Bwana Hockett? Ukurasa wa tisa. Kila anayependekezwa huchukuliwa alama za vidole, tunazituma majimbo yote. Chumba ni hiki hapa."

Majimbo yote! Lyle alihesabu kimoyomoyo yale yanayomtafuta, akafika manne akaacha. Jasho lilimtoka katikati ya Februari.

Askari alimshika kidole gumba kwa heshima kubwa, akakibonyeza kwenye kioo cha mashine.

"Legeza mkono, mheshimiwa," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani Lyle kuitwa hivyo.