Yah: Wingi wa Akina Komba na Uhaba wa Zana katika Kompyuta ya Jumuiya

Amedeus Komba,
Mfaranyaki, Songea.

Mama Walburga, Mwenyekiti wa Jumuiya yetu,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo.

Nimesikia umekataa kutia saini barua ya kunithibitisha kwa Padri ili nimuoe Hilda, kwa sababu Jumamosi iliyopita sala ya jumuiya haikusaliwa popote. Naomba nijitetee. Usije ukasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mkosaji ni kompyuta.

1. Kompyuta tuliyopewa, ambayo mimi ndiye ninayeitumia kupanga zamu, ina Linux, programu ya kuiendesha, iliyopunguzwa ikabaki mifupa. Imo grep ya kutafuta neno, na cut ya kukata mstari. Awk, ambayo ingelipima jina la kwanza na la ukoo kwa pamoja, haimo. Ni sawa na kumpa seremala kisu cha jikoni, kisha kumdai mlango.

2. Zamu ya kupokea sala ilikuwa ya Mzee Hironimus Komba. Niliandika maagizo mafupi: tafuta Komba, mtumie ujumbe kwamba sala ni kwake. Grep haina haya, mama. Ilituma kwa akina Komba wote, yaani karibu jumuiya nzima! Kila mmoja alifagia uwanja, akaandaa togwa, akakaa mlangoni kungoja wageni, na wageni nao wako kwao wanamngoja yeye. Hata mimi niliyeutuma nilipokea, nikaenda kuazima viti. Aliyefaidi ni Mama Notburga Haule: alipita nyumba hadi nyumba akiuliza sala iko wapi, na kote alinyweshwa togwa.

3. Kwa hiyo akina Komba tumezidi. Abaki mmoja, wengine tuhamie Maposeni. Kujiita Ngonyani hakutasaidia, nao wamejaa.

4. Ikishindikana, asibatizwe Komba mwingine hadi awk ipatikane. Hili linaniuma, kwani mimi na Hilda tulikusudia kuongeza.

Nampenda Hilda, mama. Bila saini yako ndoa yetu haitatangazwa.

Nisalimie wote hapo nyumbani, walio Komba na wasio Komba.

Mwanao katika Kristo, mwenye uchungu,
Amedeus

N.B. Hilda ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Ameuliza kwa nini sikutafuta namba ya simu ya Mzee Hironimus, ambayo ni yake peke yake. Nimejaribu, na grep ileile imempata yeye tu. Basi mbaazi ni mimi. Yafute yote ya juu, ombi la saini libaki. Hilda anasema uitie upesi, maana mtu kama mimi si wa kuachwa peke yake na kompyuta.