Bia Yenye Homa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimepika bia tena, lita ishirini. Lager kamili, ile bia inayochachuka kwa baridi! Ile ya Krismasi shemeji yangu Kipruto aliitema mbele ya wageni, akasema ina ladha ya ndizi. Ni joto lilizidi, nimesoma. Lager inataka nyuzi kumi, na sisi watu wa Molo baridi tunapewa bure. Mke wangu Jepleting amesema Kipruto atakuja tarehe 29. Akiisifu, friji ni yangu. Akiitema, friji ni ya yogati yake Jepleting, na nisimsumbue tena maishani.

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima kipimajoto kwa Micah, daktari wa mifugo. Nimekitumbukiza ndani ya ndoo ya bia. Arobaini! Kwenye stoo ambamo mimi natetemeka na koti! Nimefunika ndoo na magunia yaliyolowa maji. Arobaini. Nimetoa maziwa ya Jepleting kwa friji, nikaingiza ndoo, nikazungusha swichi hadi mwisho.

Alhamisi, 6 Machi
Bado arobaini. Bia imeganda, nimetoboa barafu na bisibisi ndipo nipime. Maziwa yameharibika. Jepleting haniongeleshi. Nimempigia Micah, amecheka mpaka akakohoa. Ati kipimajoto cha ng'ombe hakishuki chenyewe, lazima ukikung'ute. Hiyo arobaini ni homa ya ng'ombe wa jirani yetu Chepkurui, aliyempima Jumatatu. Kumbe siku mbili nimekuwa nikimtibu ng'ombe wa wenyewe!

Ijumaa, 7 Machi
Hamira imelala kwa baridi. Nimeipeleka ndoo kwa banda la vifaranga, kando ya jiko la makaa. Dakika kumi tu! Nikaenda kutazama mpira. Kurudi, mfuniko uko juu ya paa na vifaranga wanakunywa povu. Mmoja anatembea kinyumenyume.

Jumamosi, 29 Machi
Kipruto ameonja bia iliyobaki. Kisha akamuuliza Jepleting kama hizi ndizi ni za Kisii. Chai haijapoa, friji imejaa yogati mpaka mlangoni. Imeniuma sana, sitaficha.

Jumapili, 30 Machi
Nimetafakari wakati wa mahubiri. Shida ilikuwa friji! Mzee Wasike wa kanisa letu ana shimo la viazi nyuma ya nyumba, baridi tamu ajabu. Jioni nimepika lita ishirini zingine nikazizika humo, chini ya viazi. Sijamwambia, atashukuru akionja. Nimegusa udongo kwa kiganja: nyuzi kumi kamili. Sina haja ya kupima.