Kobe wa Zimamoto na Mwalimu wa Hesabu

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa shule ana wazo jipya. Mungu atunusuru! Kila mwalimu abandike ubaoni picha yake na anachopenda kufanya akitoka kazini, wanafunzi waone kuwa na sisi ni watu. Mwalimu wa Jiografia, adui yangu wa siku nyingi, kaandika: kupanda milima. Kwa kitambi kile! Ngazi za maabara tu zinamtoa jasho.

Na mimi? Niseme kweli? Kwamba mwalimu mkali kuliko wote akifika nyumbani anavua viatu, anakaa mkekani na binti yake, wanaangalia katuni ya kobe wa zimamoto ambaye kila akifika moto umeshazimika? Nimeandika: sataranji. Neno zito. Limependeza.

Jumanne, 4 Juni
Mkuu kanisifu mbele ya wote. Ijumaa wazazi wanakuja, na mzazi mmoja, daktari wa meno, ni hodari wa sataranji. Tutacheza ukumbini. Nikajibu: kwa furaha kubwa! Sijui hata kete zinapangwaje. Jiografia kaniangalia, anatabasamu. Anajua? Hajui. Anajua!

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda kwa fundi cherehani jirani yetu anifundishe. Kanifunga chai haijapoa. Nikaazima ubao wake nikajizoeze nyumbani. Farasi mmoja alipotea, badala yake kuna kizibo cha chupa.

Binti yangu ana miaka saba, tunamwita Shangazi kwa jinsi anavyotuamrisha. Kaja mbio: "Baba, Kobe anaanza!" Nikamwambia nina kazi. Akaenda kukaa mkekani peke yake. Nikausikia wimbo wa mwanzo ng'ambo ya ukuta. Nikasogeza kizibo kusikotakiwa.

Ijumaa, 7 Juni
Siku ya balaa.

Daktari mtu mpole. Kabla hatujaanza akanipigisha soga. Akasema wanawe wamemwambukiza katuni moja ya kobe wa zimamoto, je, naijua? Ningesema ndiyo, tungemzungumzia kobe mpaka jua linazama na sataranji ingesahaulika. Lakini Jiografia alikuwa kasimama nyuma yangu. Nikasema kwa sauti, ukumbi mzima usikie, kwamba huo ni upuuzi wa watoto wasio na akili, na nyumbani kwangu haukanyagi.

Nikageuka. Shangazi kasimama pale na mama yake, wamekuja kunishangilia. Mkononi ana kofia nyekundu ya zimamoto, ya karatasi, kaitengeneza mwenyewe niivae nikishinda. Kaikunja. Kaikunja tena. Kaitia kwenye mkoba wa mama yake. Hakulia. Heri angelia.

Mchezo? Daktari alinimaliza watu wakiwa bado wanatafuta viti.

Jumamosi, 8 Juni
Nimewasha televisheni, nikaita. Shangazi yuko mezani anachonga penseli. Kajibu bila kunitazama: "Mimi nina akili, Baba." Mke wangu kasema nisimtazame yeye, hanitetei. Nimekaa mkekani peke yangu, nimekumbatia magoti. Kobe kafika, moto umezimika. Mbona leo hachekeshi?

Jumapili, 9 Juni
Nimemwomba mtoto radhi. Nikamwambia nilidanganya kwa kuwaogopa watu. Akauliza watu gani. Nikamtaja Jiografia.

"Yule mnene? Unamuogopa yule?"

Akasema basi kesho niwaambie ukweli, walimu wote. Nikaahidi. Tukaangalia marudio pamoja. Zamani alikuwa ananiegemea. Leo kakaa upande wake wa mkeka. Lakini kakaa.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeingia ofisi ya walimu kifua mbele, ukweli uko kwenye ncha ya ulimi. Nikakohoa. Wakageuka wote. Wakati huo huo Mkuu akaingia, anauliza nani kati yetu anajua kuogelea, wa kufundisha darasa la sita. Nikamwona Jiografia anaanza kuinua mkono.

Wangu ukawahi.

Tunaanza Alhamisi. Nimepita bwawani kuuliza, kwa niaba ya rafiki yangu, kama mtu mzima anaweza kuingia majini na boya. Wamesema hata wanafunzi wa darasa la sita wameshayaacha maboya.