Hotuba ya Kuzindua Mashine Inayojua Tembo Watakuja Lini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji cha Mikwajuni, waheshimiwa wajumbe, waheshimiwa wajumbe wastaafu, mheshimiwa mchungaji, mheshimiwa katekista, sheikh wetu, waheshimiwa wake wa waheshimiwa wote niliokwisha kuwataja, wazee wangu shikamooni (Wazee: Marahaba), na ninyi wananchi wa kawaida mliokaa juani: mimi, Oswald Jovin, Mratibu Mwandamizi wa Kamati ya Kuratibu Waratibu, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha ambayo kwa kweli ilistahili jukwaa kubwa kuliko hili.

Ndugu zangu, tangu nchi ifungue milango ya soko huria, mengi yameingia Kilosa. Imeingia mitumba, zimeingia bodaboda, imeingia treni ya umeme, lakini tembo wa hifadhi ya Mikumi bado wanaingia mashambani kwa utaratibu ule ule wa kizamani, bila barua, bila ratiba, bila hata kupitia ofisi ya kata. Ndiyo maana kamati yangu, kwa kutumia bigi data na mashini lening'i, yaani data kubwa na mashine inayojifunza yenyewe, teknolojia ambayo wenzetu wanaitumia kuchunguza nyota, kutambua magonjwa na kujua mtambo wa kiwanda utaharibika lini, imebuni Mfumo Jumuishi wa Utabiri wa Tembo, utakaomwambia mkulima siku saba kabla kwamba tembo wanakuja, ni wangapi, na wana njaa kiasi gani. (Makofi. Mzee Budeba, mfugaji, anauliza kama mashine itawaeleza na tembo kwamba mkulima yupo. Kicheko.)

Data zilikusanywa kisayansi, nyumba kwa nyumba, kwa fomu ya kurasa kumi na tisa. Sikatai, palikuwa na changamoto ndogo. Swali la kwanza liliuliza tembo wamekula ekari ngapi, nanyi, mkidhani ni fomu ya kifuta machozi kwa walioharibiwa mazao, mlijibu kwa moyo mkunjufu. Swali la pili liliuliza habari za mifugo, mkadhani ni ushuru, mkajibu kwa tahadhari. Kwa hiyo takwimu zinaonyesha kwamba katika kitongoji hiki chenye ekari mia nne, tembo wamekula ekari elfu kumi na moja na mia sita. Mzee Budeba, ambaye ng'ombe wake wametuzuia barabarani nusu saa nzima leo asubuhi, anamiliki mbuzi mmoja, tena mgonjwa. Na kitongoji kizima kina kuku mmoja. (Jogoo anawika nyuma ya ghala.) Huyo ndiye. (Jogoo wa pili anajibu.) Huo ni mwangwi.

Mtu wa kawaida angezitupa takwimu hizi, lakini mashine haidharau data ya mtu. Mashine imejifunza kwamba katika ekari zote elfu kumi na moja na mia sita zilizoliwa hapakuwa na kuku hata mmoja, na kwa hiyo, kwa uhakika wa asilimia tisini na saba nukta nne, tembo anaogopa kuku. Tunakamilisha andiko la kugawa jogoo mmoja kwa kila kaya ya mpakani, atakayeitwa Afisa Ulinzi Msaidizi. (Kicheko kirefu. Mratibu anadhani ni shangwe, anapunga mkono.)

Namwona mama Perpetua amesimama muda mrefu. Mpeni kipaza sauti. (Mama Perpetua, mjane mwenye ekari tatu zinazopakana na hifadhi, anamsalimia mratibu kwa heshima. Anaeleza kwamba mahindi yake yamekomaa ila hayajakauka. Akiyavunja leo, mengine yataoza. Akiyaacha wiki mbili, yataliwa kama mwaka jana, alipobakiwa na madebe mawili na wajukuu wanne. "Baba, mimi sina mengi," anasema. "Mashine inasemaje, nivunje au nisubiri?")

Swali zuri sana. Swali hili limepokelewa, litachakatwa, litapanda kwenye dashibodi, dashibodi italishusha kwenye seva, seva italijadili na wadau, na majibu yatarejeshwa kwako kwa ngazi husika. Kaa, mama. (Mama Perpetua hakai.)

Nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili walioahidi kufikiria kutupatia kompyuta. Namshukuru mtaalamu wetu aliyeko Morogoro, ambaye amesema ataanza kujifunza kazi hii pindi kompyuta itakapofika. Namshukuru dada Devota kwa kutuazima kitenge kilichofunika meza hii, meza ambayo wengi wenu mmeipiga picha mkidhani ndiyo mashine. Ni meza. (Minong'ono.) Data kubwa! (Watu wawili: Hoyee.) Tembo kwao! (Wote: Kwao!) Kilosa ya kidijitali! (Mama Perpetua bado amesimama.)

Mama, unaniangalia vibaya. (Mratibu anakunja karatasi zake.) Basi sikiliza, mama yangu. Mimi nimezaliwa Mamboya, hapa hapa Kilosa, nimelelewa kwa mahindi. Mashine hakuna, wala haikuwahi kuwapo. Kavunje leo, uyaanike kwenye turubai. Yatakayooza ni machache kuliko yatakayoliwa. (Watu wanaanza kunyanyuka, wengine wanaulizana nani ana turubai. Mama Perpetua anaongoza njia.) Ahsanteni kwa kunisikiliza. Na kama kuna gunia la ziada, nipeni na mimi nije kuvunja.