Gari Halisi la Mama Sare

Ilitangazwa kwa vipaza sauti, mtaa kwa mtaa, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna gari kuukuu litakalotengenezwa kabla Idara ya Uhalisi wa Magari Makongwe haijathibitisha kwamba ubovu wake ni halisi. Wananchi wakaombwa washangilie. Wenye magari mapya wakashangilia.

Mama Sare, mshonaji, alikuwa na kigari cha mizigo cha kijani, taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuliwa, na boksi nyuma lenye kidirisha cha wavu. Marehemu mumewe alikitunza kigari hicho kuliko meno yake. Mama Sare alikitumia kupelekea sare za shule, na safari hii kaptula na sketi zilikuwa zimekunjwa, zimefungwa kamba na kurundikwa nyumbani kwake mpaka kitandani. Shule inafunguliwa kesho. Mwalimu mkuu alishasema: zisipofika leo, kazi anapewa mshonaji mwingine. Na kigari ndiyo hivyo, breki hakina, klachi inateleza, komeo la mlango wa nyuma linajifunga lenyewe likijisikia.

"Nipe muda kidogo tu, mama, kitanguruma," alisema Fundi Grisi.

"Nguruma mwenyewe. Ukigusa hata msumari wanakufunga."

Bahati ni bahati: asubuhi hiyo Mkurugenzi wa Idara alifika mwenyewe, tumbo mbele, na nyuma yake Mtaalamu wa Kutu, mtu mwembamba mwenye kibrashi laini kama cha kupakia poda.

"Hili bonde kwenye bampa ni la kiwandani?" aliuliza Mkurugenzi.

"La geti la shemeji yangu, baba."

"Geti la mwaka gani?"

"Geti ni la zamani. Shemeji ndiye mpya."

Bonde likapitishwa. Kutu ikapigwa brashi, ikatazamwa kwa miwani, ikasifiwa. Fundi Grisi akajikaza, akasema, "Mheshimiwa, breki hazishiki."

"Na zisishike! Breki inayoshika ni dalili ya kuchezewa."

Kisha Mkurugenzi akabandika nembo ya Idara kwenye kioo na kusoma kanuni. Kila tengenezo liombewe kibali. Kibali kisainiwe na Mkurugenzi akiwa ofisini kwake. Matengenezo yafuate mpangilio wa ombi, na moja lijaribiwe barabarani kabla jingine halijaanza.

"Nimezitunga mwenyewe," alisema. "Hata mke wangu alizisikiliza mpaka mwisho."

Mama Sare akamkabidhi ombi lake: breki, klachi, komeo. "Utasaini lini, baba?"

"Nikirudi ofisini, baada ya semina."

"Semina inaisha lini?"

"Haijaanza."

Mama Sare akatazama marobota yake mlangoni.

"Imebaki harufu," alisema Mkurugenzi. Harufu ya gari kongwe, alieleza, haithibitishwi na vyombo ila na pua yenye mamlaka. Akapanda ndani ya boksi, akavuta mlango nyuma yake ili upepo wa nje usiichakachue. Komeo likasema, *kwa!*

Kikapita kitambo cha kunusa. Halafu mlango ukatikiswa.

"Fungueni!"

Fundi Grisi akachomoa bisibisi. Mtaalamu wa Kutu akamshika mkono. "Kibali kiko wapi?"

"Kibali natoa mimi!" sauti ilitoka wavuni.

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini hauko ofisini."

"Nasema niko hapa!"

"Hilo ndilo tatizo, mheshimiwa."

Jua likapanda juu ya bati. Pua ya Mkurugenzi ikajibandika kwenye wavu, ikatoka na alama za miraba. Mwishowe akapaza sauti ya serikali: "Natangaza boksi hili kuwa ofisi yangu!"

Mtaalamu wa Kutu akavua kofia, akabisha hodi.

"Ingia!"

"Haufunguki, mheshimiwa."

Ombi likapenyezwa wavuni, likasainiwa juu ya goti. Fundi Grisi akalala chini ya gari na breki zake mpya.

"Komeo kwanza, we mtu!"

"Mpangilio wa ombi, mheshimiwa," alisema Mtaalamu, kwa masikitiko ya kikazi.

Breki zikafungwa. Zikabaki kujaribiwa barabarani. Mama Sare akajaza marobota kiti cha mbele, mengine akayafunga juu ya paa.

"Barabara ipi?" aliuliza Mtaalamu.

"Ya shule. Ina mteremko mzuri."

Walipita sokoni polepole, maana klachi ilikuwa bado inasubiri zamu yake. Watu walisimama kuutazama uso nyuma ya wavu. Wengine walipunga mkono. Walishazoea kuombwa washangilie.

Mwalimu mkuu alipokea sare zake, akachungulia nyuma. "Mama Sare, na huyu ni wa kushusha?"

"Hapana, mwalimu. Huyo yuko ofisini."

Mama Sare alipoketi tena kwenye usukani, alisikia sauti nyuma yake, safari hii ya chini, ya kistaarabu.

"Mama... breki zimeshika?"

"Zimeshika vizuri."

"Kwa hiyo sasa ni komeo?"

Mama Sare akawasha gari.

"Sasa ni klachi, mwanangu. Tulia."