Walinzi wa Chai Yangu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Majani yangu ya chai yamekataliwa tena kituoni Boito, tunakouzia. Mara ya pili. Karani ameyageuzageuza, akasema yamejikunja na yananata kama yamemwagiwa soda. Foleni nzima ya Boito imesikia. Sally, mke wangu, alitangulia hadi nyumbani. Hapo akasema kwa upole kwamba yakikataliwa mara ya tatu, namba ya chai, ile ya kuuzia majani kiwandani, tuiandikishe kwa jina lake, kwa sababu yeye ndiye anayechuma. Mama alikuwa ameketi hapo, akasema ni haki. Nikakubali. Ningefanya nini? Namba hiyo niliachiwa na marehemu baba. Naogopa, nakiri.

Jumanne, 4 Machi

Mafunzo ya wakulima kanisani. Madam Rebeccah, afisa wa kilimo, amesema tusikimbilie kupuliza dawa. Kuna wadudu adui na wadudu rafiki, na rafiki humla adui. Huko Pwani wakulima wa korosho huwaacha sisimizi wekundu wakae mitini, wawafukuze wadudu wanaofyonza mikorosho. Kwetu rafiki ni yule mdudu mwekundu wa madoadoa meusi. Akaeleza pia kuhusu watoto wake, lakini wakati huo nilikuwa naangalia gambuti mpya za jirani yangu Ojwang. Amestaafu kiwandani juzi tu na tayari anaandika kila neno. Mimi sikuandika. Nina kichwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekagua chai. Kuna wadudu wa aina mbili. Wa kwanza ni wadogo, weusi, wametulia kwenye majani machanga, hawasumbui mtu. Sisimizi wanawazunguka na kuwapapasa. Wa pili ni mrefu, ana miiba na madoa ya rangi ya machungwa, anatembea kama mamba. Na nimemwona kwa macho yangu akimtafuna mmoja wa wale watulivu.

Basi ni wazi. Sisimizi ni walinzi, kama wa korosho. Watulivu ni marafiki, ndiyo maana wanalindwa. Mamba ni adui. Ila huyo mwekundu wa madoadoa sijamwona popote, na hilo limenichanganya kidogo. Nimewamwagia sisimizi sukari kwenye mashina wapate nguvu.

Ijumaa, 7 Machi

Sally ameuliza, "Baba Kiplimo, sukari ya jana imeenda wapi?" Nimesema hata mimi nashangaa. Tumekunywa chai bila sukari.

Nimeokota mamba kopo zima. Nilikuwa nakwenda kuwazamisha mtoni, Ojwang akanikuta njiani. Akachungulia, akaniomba nimpe. "Omera, ndugu yangu, hizi ni watoto ya yule red," akasema. Nilicheka moyoni. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mdudu mrembo vile atazaaje mamba? Kumbe hata kuandika hakusaidii. Nikampa wote, pamoja na kopo. Akanishukuru mara mbili. Nilimhurumia, lakini si sana.

Jumatano, 12 Machi

Marafiki zangu wameongezeka ajabu. Kila jani changa limejaa. Sisimizi wanapanda na kushuka kama watu wa soko la Silibwet. Majani bado yanajikunja, sijui kwa nini. Labda ni jua. Nimeongeza sukari.

Alhamisi, 20 Machi

Yamekataliwa. Karani hakuyagusa hata, ameyaangalia tu kwa mbali. Nyuma yangu alikuwa Ojwang, majani yake yamenyooka, na karani akamwita mzee wa mfano. Nimepitia kwake kuchungulia. Wekundu wa madoadoa wamejaa kote! Wametoka wapi? Sikumpa wekundu, nilimpa mamba. Nimewaza hadi kichwa kimeuma. Nadhani walikuwa njiani kuja kwangu, akawazuia kwake.

Ijumaa, 21 Machi

Nimetia sahihi. Namba ya baba sasa ni ya Sally. Karani alimpa mkono wa pongezi. Machozi yalinitoka, nikasema ni vumbi.

Jumamosi, 22 Machi

Ojwang amerudisha kopo langu likiwa limejaa mamba wadogo. Uchokozi mtupu. Lakini Sally amempokea vizuri, akampa mursik, maziwa yetu ya mgando, kisha akaenda kuwatawanya kwenye chai mmoja mmoja kama anapanda mbegu. Nilimwonya. Akaniambia, "Wewe pumzika tu sasa."

Sina kinyongo naye. Hajui tu. Kwa hiyo, kabla mamba hawajawamaliza, nimewaokoa watulivu wachache, matawi matatu, nikawafunga kwa uzi kwenye mlimau wake nyuma ya jiko, ule anaoupenda kuliko mimi. Sukari iliyobaki nimeimwaga shinani. Sitamwambia kitu. Nataka aamke siku moja aone mwenyewe kazi ya mume wake.